Kicheko Kabla ya Maandishi

Sirisha kaninunulia tiketi kwa nguvu.
"Wiki nzima unawatoa watu damu na uso umeununisha,
leo utacheka."
Basi tupo Sohari, ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro,
ukumbi umejaa wanaume wa bandarini,
wengine na ovaroli bado, vumbi la chuma kwenye kope,
na mmoja kaipa kofia yake ya kazi kiti kizima
kama mgeni wa heshima.

Filamu ya Kitelugu. Mie Kitelugu sijui hata "njoo".
Maandishi ya Kiarabu yanapita chini, yamechoka,
yanafika mzaha ukishapoa.
Sirisha anacheka, safu nzima inacheka,
halafu mie, peke yangu,
kama mtu anayeitikia dua watu wameshakunja majamvi.

Vijana wanne wa chuo cha uhandisi.
Skuta moja. Shati zuri moja, linavaliwa kwa zamu.
Yule mrefu, Pavan, kafeli hisabati mara tatu
na kila akifeli wenzake wanamnunulia keki.
Hapo sikuhitaji maandishi.

Maana na sisi tulikuwa wanne,
bweni la Rustaki, chumba cha kumi na nne:
Thuwaiba, Ghanima, Muzna na mie,
watoto wa nyumba zilizotoka Unguja
zikabaki na Kiswahili cha jikoni.
Matroni hakukijua. Ndicho kilichokuwa ukuta wetu;
tulimsengenya mbele yake huku tunamtabasamia,
naye akisema, mashaallah, wasichana wana adabu.
Muzna aliandika kwa penseli, chini ya meza:

*Matroni kazima taa, mtihani uko kesho,*
*Tumbo nalo lina njaa, shuka limejaa jasho,*
*Na mie nimeduwaa, najua mwanzo na mwisho,*
*Katikati pamepaa, nitajibu kwa vitisho.*

Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Mapumziko. Taa zinawaka ghafla, watu wanakimbilia sambusa.
Sirisha ananiuliza, "Unaelewa?"
Naelewa, namwambia. Nipe chai.

Sehemu ya pili imenikuta sijajiandaa.
Baba yake Pavan kaanguka, shamba limeliwa na deni,
kijana anarudi kwao na sanduku la bati.
Treni inaanza kujivuta
na wale watatu wanakimbia, ndala zinachomoka,
mmoja anamrushia shati dirishani,
lile lile la zamu.

Kwetu hakuna treni.
Kulikuwa na basi la saa kumi na mbili unusu asubuhi,
hatua mia mbili kutoka bwenini. Nilizihesabu baadaye.
Na sisi tulikuwa na mtihani wa anatomia.
Muzna alisema, "Laleni, nyie. Nikifika nitapiga."
Tukalala. Wallahi tulilala.
Na alipiga. Nikaliona jina, nikasema, baada ya mtihani.
Mtihani nilipasi.
Huu ni mwaka wa kumi na moja.

Nyuma yetu mtu analia kwa sauti, mwenye kofia.
Sirisha kageuka, wakasemezana, akaninong'oneza:
"Anaitwa Yadagiri, anachomelea vyuma.
Skuli aliiachia darasa la saba.
Anasema anawalilia marafiki wa chuo
ambao hakuwahi kuwapata."

Nikaona haya.
Mie nilikuwa nao.

Nje, saa sita ya usiku, lami bado inatoa joto,
basi la kampuni linawahesabu watu wake mmoja mmoja.
Machozi yakanijia pale, kwenye maegesho,
Sirisha na ufunguo mkononi.
"Filamu imekwisha, mbona ndiyo kwanza unalia?"
"Maandishi," nikamwambia. "Kwangu yanachelewa."

Nasikia yuko Ras al-Khaima, ana mapacha.
Namba nimeitoa kwa Ghanima, ambaye hakuniuliza kitu.
Nimeandika kipande tu, *Matroni kazima taa,*
bila salamu, bila jina.
Zamu yangu inaanza alfajiri.
Simu nimeilaza uso juu, kando ya vichupa vya damu,
na kila mgonjwa anayekaa namwambia,
kunja ngumi, usiangalie,
huku mwenyewe naangalia.