Sifuri ya Chikundi

Tulipopita Chikundi sindano ililala.
Haikuyumba, haikuaga.
Ilikuwa kwenye tatu, ikawa kwenye sifuri,
kama mtu aliyekaa kitako katikati ya neno.

"Presha imeshuka," nikasema,
na mama, kadi ya kliniki mapajani,
akajishika kifua:
"Yangu?"

Nikazima papo hapo,
matairi nusu lami, nusu mchanga.
Landikruza ya marehemu baba, inanizidi miaka mitatu,
ikashusha pumzi, ikanyamaza.
Harufu ya salfa ikatufikia kutoka mikoroshoni.

Ushauri haukosi barabarani.
Shaibu wa bodaboda: "Injini imekwisha hiyo. Pampu."
Dereva wa fuso la magunia matupu:
"Twende tu dada, geji za magari haya ni mapambo."
Mmoja anazika, mwingine anafufua,
na hakuna aliyefungua boneti.

Nikachomoa kijiti, nikakifuta kwa pindo la kanga ya mama
(akaguna), nikakizamisha tena.
Oili ipo, imefika alama ya juu.
Nyeusi ya kazi; haijageuka maziwa.

Fundi Dismasi alifika na baiskeli baada ya saa nzima,
spana zake ndani ya mfuko wa saruji.
Hakuuliza gari la nani. Aliuliza:
"Iligonga?" Hapana.
"Ilishuka polepole au ghafla?" Ghafla.
Akachomoa waya wa sensa ubavuni mwa bloku.
"Fungua swichi. Injini usiiguse."
Akaugusisha waya kwenye chuma
na sindano ikaruka mpaka ukingoni.

"Waya mzima, geji nzima.
Sasa ama mtoa habari amekufa,
ama habari yenyewe ni ya kweli."

"Basi ni sensa," nikadakia, furaha ikinitangulia.

"Usiseme basi.
Neno hilo limeua injini nyingi Masasi hii."

Akafungua sensa, na tunduni mwake
akafunga geji yake ya mkono,
kioo kina ufa, mpira umebanwa kwa raba ya baiskeli.
"Washa."
Akasimika bisibisi juu ya kifuniko cha vali,
mpini sikioni, macho kayafumba.
Shaibu akazima pikipiki yake bila kuambiwa.

Moja. Mbili. Nne, maana injini ilikuwa imepoa.
Ilipopata joto ikashuka taratibu
hadi mbili na nusu, ikakaa hapo
kama mgeni aliyeonyeshwa kiti.

"Sensa," akasema sasa.

Mpya iko Dar, itafika Ijumaa.
Ile mfu akairudisha mahali pake, iwe kizibo.
"Mpaka hapo endesha kwa sikio.
Ukisikia kinu kinatwangwa humo ndani, zima, usijadiliane."
Nikampa elfu kumi na tano, akarudisha tatu:
hakuna alichobadilisha, alisema.

Kila asubuhi baba aligonga kioo cha geji kwa ukucha
mara mbili, kabla ya kutia gia.
Utoto wangu wote nilidhani ni dua.
Labda sindano ilikuwa ikikwama tangu enzi zake.
Labda ilikuwa dua pia.

Tukaondoka. Ukingo wa Makonde umesimama kushoto, 
Ndanda haiko mbali.
"Inasomaje?" mama akauliza.
"Sifuri."
"Na ni nzima?"
"Nzima."

Akaitazama kadi yake,
zile namba mbili zilizozungushiwa wino mwekundu,
akaikunja, akaikunjua.
"Na ile mashine ya kliniki," akasema,
"nani huipima?"

Sikujibu.
Nikashusha kioo, nisikilize.