Mkebe wa Zilizochoka

Injini nimeirithi ikiwa vipande,
mikebe tisa ya samli na ndoo moja ya rangi
chini ya kitanda cha Ami Famau, Shela ya Malindi,
miaka kumi na sita tangu aseme
"kesho kutwa naifunga."

Kila mkebe una karatasi, na kila karatasi
ina mwandiko wake wa herufi za Kiarabu,
Kiswahili kilichovaa kanzu.
Mimi chuoni nilitoroka mapema.
Nikampelekea Bi Rukiya. Akavaa miwani, akasoma
kama anayehesabu vyombo vya bibi harusi:
"Hizi za kichwa. Hizi za tumbo.
Hizi za ubavu wa kushoto, moja ni fupi, usikosee."
Akaguna. "Ami yako alimpasua nani?"

Nikatandika gunia uani.
Mafuta ya taa, mswaki uliokwisha meno,
pistoni kiganjani kama kikombe cha kahawa
alichokisahau mtu na masizi yake.

Hapa chumvi haingoji kitu kife.
Inakula bawaba, inakula bati la paa,
imekula nati pembe zote sita
hadi ikaviringika kama kokwa la zambarau.
Spana namba kumi na moja haiingii.
Kumi na mbili inacheza.
Waliounda chuma hiki ng'ambo
sijui walipima kwa dole gumba la nani.

Mwadzombo wa duka la speya akanipa ya bodaboda:
"Chukua, dada, ni ile ile."
Si ile ile.
Ilizunguka mara mbili ikagoma,
mgeni aliyeambiwa avue viatu.
Ningeilazimisha; mkono ulitaka, bega lilishakubali.
Lakini alumini ni laini,
na uzi wa tundu ukishachunika hauna toba.

Basi nikaenda Maweni kwa Jefwa mkerezaji.
Alitoa ekseli ya lori iliyokufa,
akaikereza bolti saba, jembamba jembamba,
chuma kikijikunja chini ya kisu chake
kama ganda la chungwa lisilotaka kukatika.
"Inaenda wapi hii?"
"Bado haiendi popote."
Akapunguza bei.

Mkebe wa tisa Bi Rukiya aliusoma kimya kwanza.
"Zilizochoka," akasema. "Zisirudishwe."
Ndani, bolti zilizopinda, zilizokatika shingo,
kila moja na uzi wa kushonea na kikaratasi chake:
Mambrui, mvua.
Gongoni, nikitoka arusini, usiku.
Sabaki, darajani. Tulikuwa wawili.

Hiyo ya mwisho nilimwonyesha mama.
Alicheka. Kisha akaingia jikoni
akakaa muda mrefu kuliko chai inavyotaka.
Sikuuliza. Nilikuwa na gasketi ya kukata.

Kichwa hukazwa kwa mshazari:
nusu mzunguko huku, nusu kule,
kama unavyogawa habari ya msiba kwa jamaa
asije mmoja akaibeba yote.
Nilikaza, nikapumua, nikarudia.
Magharibi iliadhiniwa nikiwa kwenye ya sita.

Siku ya tatu tuliipandisha kwenye fremu.
Teke la kwanza, kimya.
La tano, kikohozi, na moshi wa samawati
ukafukuza kuku wa jirani.
La tisa ikashika, ikanguruma, ikatetemesha
vikombe kabatini, na mama akatoka
na unga mikononi, asiseme neno,
akaizunguka mara moja, akarudi ndani.

Bolti saba za zamani sikuzitupa.
Niliifunga uzi iliyopinda zaidi,
nikaandika kwa herufi zake Ami,
herufi zangu zikiegemeana kama walevi:
Malindi, uani.
Bi Rukiya akaileta karibu na miwani.
"Kuna nukta umeisahau."
Nikamwonyesha sakafuni, chini ya injini:
tone moja la oili, jeusi, la duara,
na jingine, juu, likijiandaa.