Li Tatu za Mguu

Mguu wangu wa kushoto,
leo nasema nawe kama anavyosemeshwa mdeni.
Miaka thelathini na mmoja ulikanyaga pedali
kwenye kiwanda cha sufu hapa Lanzhou,
na siku ya kuumwa hukuijua.
Kisha asubuhi moja ya Novemba,
nikikata vitunguu vya supu,
ukaniacha katikati ya jiko
bila hata kuaga.

Mshipa umeziba kichwani, wakasema, upande wa kulia.
Nikacheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki:
akosee wa juu, alipe wa chini?
Hata kiwandani ilikuwa hivyo.

Muuguzi Miao, mdogo kuliko mjukuu wangu,
anapima vidole vinne chini ya goti,
anabandika kipande chenye waya.
"Hapa ni Zusanli, bibi. Li Tatu za Mguu.
Wasafiri wa kale waliochoka walipafinya,
wakaongeza li tatu."
Li tatu!
Mimi naomba hatua saba, kitandani hadi chooni,
nisishikwe kwapa na mtoto wa watu.

Anazungusha kitufe.
Umeme unakuja kwa miguu ya sisimizi,
halafu kwa midomo ya kuku wanaodonoa mtama,
halafu wewe unaruka,
kisigino juu, vidole juu,
kama aliyeitwa jina lake.
Usinidanganye. Huyo si wewe, ni betri.

Deshun wangu, fundi redio tangu ujana,
anatazama, anakuna sikio.
"Redio yoyote hunguruma ukiichomeka," anasema.
"Kazi ni kupata stesheni."

"Mashine ikivuta, vuta nawe," Miao ananihimiza.
"Usimwachie mgeni kazi za nyumba."
Basi navuta. Dakika thelathini kila siku,
natoka jasho la mtu anayehamisha kabati,
na kabati halihami.
Kitanda cha pili, Ma mpika tambi
alivuta wiki tano, akatoka kwa fimbo, akisahau kofia.
Kitanda cha nne anavuta tangu kiangazi.
Hatumuulizi.

Usiku wa ishirini na mbili
mashine imefungiwa kabatini,
barafu ya Mto Manjano inapasuka mbali huko.
Sikuwaza li, wala chemchemi, wala nukta.
Niliwaza pedali ile,
ubaridi wake wa alfajiri kwenye unyayo.
Na chini ya blanketi kidole gumba
kikasogea.
Kidogo tu,
kama anayebisha hodi kwenye nyumba anayodaiwa.

Sikumwita mtu.
Nikangoja mara ya pili. Haikuja.
Nikangoja hadi mfagiaji akawasha taa.

Deshun alipofika na uji nikamwambia:
kesho niletee viatu.
"Viatu?"
Viatu. Vyote viwili.

Akavileta jioni ileile, ndani ya gazeti.
Cha kulia kilikuwa na vumbi la Novemba.
Cha kushoto
kiling'aa,
rangi juu ya rangi, ya usiku mwingi.