Bu

Jumanne usiku baraza lilipiga kura, sita kwa mmoja:
fedha za bwawa zitoke.
Mmoja huyo, Verna Tibbetts,
alitaka lami, mashimo ya Mtaa wa Kinu yazibwe kwanza.

Asubuhi Ilmari Kangas akaning'inia kwa kamba,
akiugonga ukuta uliojengwa enzi za babu yake
kama daktari agongavyo kifua cha mkongwe:
ngo, ngo, ngo,
bu.
Akachora duara la chaki.

Chini, theluji ya Michigan ikiyeyuka,
Verna anaanika mashuka.
Nyumba yake ndiyo ya kwanza njiani mwa maji.
Amehesabu maduara kumi na manne.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, twasema sisi.
Hapa nani angebaki kujenga?

Anatoa kibanio mdomoni, anapaaza sauti:
"Kijana! Pale kushoto hujapagonga."