Muhtasari wa Kikao, Kanisa la Mtoni

Mimi ndiye katibu. Daftari ni langu,
kalamu ni ya Biira, yangu ililowa.
Tulikuwa kumi na wanne, hapa Kilembe,
katika chumba cha zamani cha wachimba shaba,
kwa kuwa kanisa letu halina tena ukuta wa kusini:
Nyamwamba ulipita humo usiku wa Jumatano
ukaacha mawe madhabahuni,
makubwa kama ng'ombe waliolala.
Ngoma yetu iliokotwa karibu na Kasese mjini,
tumbo limejaa mchanga.

Hoja ilikuwa moja: tujenge palepale,
au tupande mlimani, kwenye shamba la kahawa
alilotupa Kabugho, mjane, bila kuombwa?
"Ilikubaliwa kwa kauli moja,"
nilikuwa nimeshaandika, kuokoa muda.

Tulisema kwa Kiswahili, kile cha mgodini,
walichotuachia baba zetu waliotoka kila upande
wakashuka shimoni kwa taa moja.
Mkonzo alisema. Mtooro akajibu.
Mwalimu Okwir akataka hesabu:
bati ngapi, saruji mifuko mingapi, nani atalipa.
Mchungaji alinyamaza, jambo geni.

Masereka peke yake alisema, Hapana.
Hakupaza sauti.
"Tofali zile nilizichoma mimi.
Udongo wake aliukanyaga mke wangu,
akiwa na mimba ya Muhindo.
Mkihama, mtamwacha yeye mtoni."

Hapo niliacha kuandika.

Mtu akasema, tupige kura, tumalize.
Kumi na watatu kwa mmoja:
hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza.
Biira akasema, kura itatupa kiwanja
na itatunyang'anya Masereka. Kaeni.
Tukakaa. Taa ikaishiwa mafuta, tukakaa.
Giza lilitufaa;
hakuna aliyemwona mwenzake akikunja uso.

Kisha Mchungaji: "Masereka, tuombee."
"Siwezi," akasema. "Tangu Jumatano
kinywa changu ni kisima kilichoingiwa na tope."

Basi tukamwombea sisi,
wala hakuna aliyeomba abadili neno lake
(nilisikiliza kwa makini, mimi ndiye katibu).
Kabugho alimwombea usingizi.
Okwir, mtu wa hesabu, aliomba vibaya,
akasahau alipoanzia, akasema tu:
Bwana, mzigo wa huyu si wake.
Mimi niliomba kimoyomoyo. Hilo halijaandikwa.

Hatukuamua kitu.
Andika hivyo, alisema Mchungaji.

Jumatatu, umande haujakauka,
tulisikia nyundo mtoni.
Masereka alikuwa anang'oa mlango
alioutengeneza mwenyewe, mbao za mvule,
misumari akiichomoa mmoja mmoja, akiitia mfukoni.
Hakutueleza. Hatukumuuliza.
Aliinama autwike, ukamshinda,
tukaingia chini yake, wawili, wanne, saba.
Njia ya mlimani ina utelezi;
aliyeteleza alishikiliwa na mzigo wenyewe.

Juu, kwenye kahawa, hapakuwa na ukuta wa kuupokea.
Tukausimamisha kwa magogo mawili,
mlango wa nyumba isiyokuwapo,
na Kabugho, ambaye angeweza kuuzunguka
kwa upande wowote, tena shamba ni lake,
alibisha hodi.

"Karibu," akasema Masereka.

Tofali za mkewe tunazipandisha kwa zamu,
sita kwa kila kichwa. Zilizovunjika pia.
Hilo halikuhitaji kikao.

Nimefuta "kwa kauli moja." Haikuwa moja.
Zilikuwa kumi na nne, nyingine za kukwaruza,
nyingine hazikutoka.

Mengineyo: ngoma bado ina mchanga.
Kalamu ya Biira sijairudisha.