Isiyokalika

Karatasi ya manispaa ilibandikwa mlangoni Jumanne,
mvua ya Burnley ikipiga upande upande.
Neno moja refu kuliko mengine.
Nikalisoma kama nisomavyo kila kitu:
nikateremka hadi silabi ya pili kutoka mwisho,
nikaketi juu yake kwa uzito wangu wote.
Aninhabi-TA-bo.
Binti wa kwenye simu akasema "Samahani?" mara tatu,
kisha akaniachia muziki.

Bwana Entwistle, mwalimu wa jioni pale maktaba,
zamani fundi saa,
akalikata neno kwa penseli:
un, in, hab, it, a, ble.
"Hiyo ya kwanza ndiyo hapana."
Na ya pili? Si nayo hukana?
"Hapa haikani. Hapa maana yake ndani. Ni tapeli."
Basi: hapana, kisha ndani.
Nikamkumbuka mkaguzi aliyesimama kizingitini
akimulika kuvu kwa tochi, viatu vyake vikibaki nje.

Fundi akashika kijiko, akagonga kikombe mara sita,
ya kwanza kwa nusu nguvu,
ya tatu chai ikaruka.
HAB.
Kama mtu aliyetaka kusema haba
akazibwa mdomo.
"Tena," akasema. Nikagonga mimi. Chai ikaisha.

Mkazo wao hauna kwao.
Leo umelala huku, kesho kule,
na hakuna anayekuaga wala kukuachia anwani.
Wetu una kiti chake, hata gizani unaupapasa unaupata.

Usiku, Tamimu akikohoa nyuma ya kabati tulilolisogeza
kuficha ukuta unaotoka jasho,
nikahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na kimoja cha mwingine:
i, si, yo, ka, li, ka.
Sita kwa sita! Mizani imetimia,
nikacheka peke yangu kama mwehu.
Ila wao hukana wakiwa bado mlangoni,
sisi tunaingia kwanza, tunavua viatu,
ndipo tunasema si.

Asubuhi nikapiga tena. Nikashika kijiko.
Nusu. Kimya. HAB. Matatu madogo yakajimalizia yenyewe.
"Aa," akasema binti, "hiyo!"
Nikasikia vidole vyake vikiamka kwenye kompyuta.
Wiki tano, akasema. Labda sita.
Na nyumba ni ipi, mama?

Arobaini na saba.
Ya pili kutoka mwisho.