Nukta Mkato

Makosa kumi na tisa.
Programu yenyewe mistari kumi na miwili.

Nimehesabu, nikavua miwani,
nikaifuta kwa ncha ya mtandio, nikahesabu tena.
Ghorofa ya pili, Sinza, juu ya duka la misumari na mabati,
feni inazunguka kwa kununa,
LUKU imebakiza yuniti mbili,
na mimi, mwalimu wa sarufi miaka ishirini na saba,
nimesahihishwa.

Kosa, mstari wa saba.
Nautazama wa saba: hauna doa.
Nausoma kwa sauti, kama imla: hauna doa.
"Mashine yako inasingizia watu," namwambia Tunu.
Tunu haji mbio. Anamaliza karanga zake kwanza,
anakung'uta maganda, anavuta kiti.
"Hapo ni ilipoangukia, Mwalimu.
Ilipojikwaa ni juu.
Methali hiyo si ulitufundisha wewe?"

Wa sita. Mwisho wake mtupu.
Sentensi imekwisha na sijaifunga.
Nukta mkato!
Alama niliyoihubiri hadi chaki ikaniishia vidoleni,
wanafunzi wakaiona pambo,
kumbe huku ni kitasa.
Nikaitia. Yakabaki kumi na manane.

"Usiyakimbize yote," akasema. "Shika la kwanza.
Mengine ni watoto wake."
Na kweli: mabano yale yenye kiuno
niliyafunga kabla ya wakati, mstari wa nane,
nikawafungia nje waliokuwa bado wanaingia,
ndiyo maana kila mmoja alikuwa anapiga kelele.
Nikafuta alama moja tu,
kelele kumi na saba zikanyamaza.
La mwisho lilikuwa nukuu: niliifungua, nikaiacha wazi,
maneno yakamwagika hadi ukingoni.

Nikadhani basi.
Likachomoza jipya, lililokuwa limejibanza nyuma ya wenzake:
System nimeiandika kwa herufi ndogo.
"Nomino ya pekee hiyo, Mwalimu," akasema Tunu,
na hakucheka, lakini bega lake lilicheka.

Jioni ile muuza matunda wa pale chini alikuwa ameniambia,
"Parachichi hii imeiva, mama, beba."
Nikabeba, nikala,
wala ngeli haikunikwama kooni.
Mji huu unaelewana juu ya makosa yake,
unakata neno katikati na mwenzako analimalizia.
Kidude hiki hakimalizii mtu.
Hakikisii. Hakijui kusema "nimekupata."

Nilikijua, kidude hiki.
Kiliwahi kukaa mezani kwangu, Temeke,
kikasahihisha madaftari ya kidato cha pili.
Kwenye daftari la Tunu, insha yenye kichwa "Likizo Yangu":
kitabu yangu imeungua.
Nikakata kwa wino mwekundu. Changu. Kimeungua.
Nikatoa maksi mbili,
nikapindua ukurasa.

Saa tatu kasorobo nikabonyeza tena.
Kimya.
Nikangoja. Kimya; kishale kinakonyeza tu.
"Mbona haisemi?"
"Ikikubali haisemi, Mwalimu. Kusifu haikufundishwa."
Tukaiendesha.
Wastani: 61.5
Namba moja, ya wanafunzi wanne niliowatunga mwenyewe,
na vigelegele vilinifika kwenye ulimi;
nikakohoa.

Ukutani mita ya LUKU ikaanza kulia.
Tunu akainuka, akawa anakunja waya.

"Tunu," nikasema, "kile kitabu...
kiliunguaje?"

Akasimama, waya mkononi.
Mita ikalia, ikalia.
"Hakikuwa kitabu peke yake," akasema,
akaketi tena.